Banda la Pikipiki Siyo Banda Tu: Historia Fupi ya Makundi ya Majengo

Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nazungumzia banda la kuwekea chombo cha moto: pikipiki, bajaji, pawatila, trekta, au kigari cha kubebea mizigo.

Msimu uliopita, wakati wa kuvuna mahindi, nilimtembelea mkulima mmoja ninayemhudumia. Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma, na ubavuni ameunganisha banda la mabati lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Alilijenga kwa ajili ya pikipiki yake na pawatila. Nilipoingia nilikuta pikipiki 3, mbili si zake. Kijana wake mkubwa alikuwa amefungua injini ya moja, maana jioni anafanya ufundi wa kulipwa. Kwenye kona kulikuwa na madumu 2 ya petroli, kila moja lita 20, na chupa za maji zilizojazwa petroli tayari kwa kuwauzia bodaboda. Ukutani kulikuwa na mlango wa mbao uliofunguka kuelekea ndani ya nyumba. Nikachungulia, nikaona chandarua kimening'inia. Wanawe wadogo 2 wanalala humo.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hili banda lako sasa limekuwa vitu vitatu."

Akacheka. "Bwana shamba, banda ni banda tu."

Sikuwa na jibu la haraka siku ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali hilo kichwani: banda linaacha kuwa banda tu wakati gani? Kumbe swali hili lina historia ndefu, na watu walilijibu baada ya kuunguliwa. Nimeona nikusimulie, kisha mwishoni tutarudi kwenye banda la mzee huyu.

London walianza na ukubwa

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1666, moto ulianza kwenye tanuri la mwoka mikate mmoja, Thomas Farriner, katika mtaa wa Pudding Lane mjini London. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao na zilibanana. Moto ulitembea kwa siku kadhaa, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87.

Mwaka uliofuata, 1667, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuujenga mji upya. Kuta za nje zilitakiwa kuwa za tofali au mawe. Halafu sheria ikafanya jambo ambalo ndilo mzizi wa habari yetu: ikazigawa nyumba katika aina 4. Nyumba za vichochoroni ziwe na ghorofa 2, za mitaa inayojulikana ghorofa 3, za barabara kuu ghorofa 4, na aina ya nne ilikuwa majumba ya wakubwa, ambayo nayo hayakuruhusiwa kuzidi ghorofa 4. Unene wa ukuta ulifuata aina ya nyumba.

Mwaka 1774 ikaja sheria nyingine ya London iliyoongeza madaraja yakafika 7. Nyumba za kuishi zilipangiwa daraja kwa kuangalia thamani yake na ukubwa wa sakafu yake, na kila daraja lilikuwa na unene wake wa ukuta.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini angalia walichopima. Swali la kwanza lilikuwa: jengo ni kubwa kiasi gani, na lina thamani gani? Kazi inayofanyika ndani haikuwa swali la kwanza. Na moto wa 1666 haukuanza kwa sababu nyumba ya Farriner ilikuwa kubwa. Ulianza kwa sababu ndani yake kulikuwa na tanuri.

Zamani za farasi

Kabla ya magari ya injini, banda la chombo cha usafiri lilikuwa la farasi na gari lake. London walikuwa na vichochoro maalumu nyuma ya majumba ya matajiri. Chini kulikuwa na zizi la farasi na chumba cha kuwekea gari la kukokotwa, juu kulikuwa na vyumba vya watumishi. Yaani nyasi kavu na taa ya moto chini, watu wamelala juu.

Marekani walipata somo lao mjini Chicago. Jioni ya tarehe 8 Oktoba 1871 moto ulianza ndani au karibu na banda la mifugo la familia ya O'Leary, watu wa kawaida waliofuga ng'ombe na kuuza maziwa. Upepo ulikuwa mkali, mvua ilikuwa imekosekana kwa muda mrefu, na mji ulijaa mbao. Watu wapatao 300 walikufa, majengo yapatayo 17,000 yaliteketea, na watu kama 100,000 wakabaki bila makazi. Kwa miaka mingi walisema ng'ombe wa Bi. O'Leary aliipiga teke taa. Baadaye mwandishi mmoja wa gazeti alikiri kwamba hadithi ile ilitungwa, na mwaka 1997 baraza la mji wa Chicago likamsafisha rasmi mama yule.

Chanzo hasa hakikujulikana. Kinachojulikana ni kwamba moto ulioangamiza mji ulianzia penye banda dogo la uani, jengo ambalo hakuna mtu angelihesabu kuwa la maana.

Petroli yaja

Mwezi Januari 1886 Mjerumani Karl Benz aliandikisha hati ya uvumbuzi wa gari lake la injini ya petroli. Ndani ya miaka michache matajiri wa Ulaya walianza kuyanunua magari. Wakayaweka wapi? Palepale kwenye mazizi ya farasi.

Hapo tatizo likabadilika sura. Nyasi kavu unaziona. Moto wake unauona na moshi wake unaunusa. Petroli haina tabia hiyo. Inatoa mvuke hata kwenye baridi kali, chini sana ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, kwa hiyo haupandi juu na kutoka dirishani. Unashuka, unatambaa sakafuni kama maji, unatafuta mahali pa chini. Ukikuta jiko, kibatari au cheche, moto unarudi mpaka kwenye dumu. Na hauhitaji mvuke mwingi: hewa ikiwa na mvuke wa petroli kidogo zaidi ya asilimia 1, inatosha kuwaka.

Uingereza waliliona hili mapema. Sheria ya mwaka 1896 iliyoruhusu magari ya injini kutembea barabarani ilimpa waziri mamlaka ya kuweka kanuni za kuhifadhi petroli ya magari hayo. Vituo vya mafuta vya kisasa havikuwepo. Petroli iliuzwa kwa makopo ya bati ya galoni 2, yaani lita 9 hivi, na mwenye gari alikaa nayo nyumbani. Kwa maneno mengine, walikuwa kama sisi na madumu yetu.

Jina nalo likaja. Wafaransa wana neno garer, yaani kuegesha au kuweka mahali salama. Kutoka hapo likapatikana neno la Kiingereza, na sisi tukapata gereji. Lakini sikiliza tofauti. Kwetu ukisema "nimepeleka pikipiki gereji", kila mtu anaelewa imeharibika na iko kwa fundi. Kwa Waingereza na Wamarekani neno hilohilo lina maana mbili: mahali pa kulaza gari, na mahali pa kulitengenezea. Waliotunga kanuni za ujenzi ilibidi wazitenganishe maana hizo mbili, kwa sababu hatari yake si moja.

Wamarekani wanauliza: jengo linafanya kazi gani?

Mwaka 1904 mji wa Baltimore uliungua vibaya. Mwaka uliofuata, 1905, umoja wa makampuni ya bima ya moto nchini Marekani ulitoa kitabu cha mfano cha kanuni za ujenzi, ili miji ikichukue na kukitumia. Bima walikuwa na sababu yao: ndio waliokuwa wanalipa.

Wakati huohuo gari liliacha kuwa mali ya matajiri peke yao. Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908, na hadi mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Wakulima waliyanunua. Wenye maduka madogo waliyanunua. Kila mmoja akajenga kibanda nyuma ya nyumba.

Mwaka huohuo wa 1927 maofisa wa majengo wa pwani ya magharibi ya Marekani walitoa kitabu chao cha kanuni. Humo majengo yalipangwa kwa herufi kufuata matumizi yake: mahali pa mikutano, shule, hospitali, ofisi, maduka, makazi na kadhalika. Herufi ya mwisho, J, waliwekewa wadogo: gereji binafsi, mabanda na vijengo vya uani. Baadaye kundi hilo likabadilishwa herufi likaitwa M, na mwishowe U.

Kwa nini wadogo walipewa kundi lao peke yao? Fikiria wewe ungekuwa ofisa. Ukimlazimisha mtu mwenye gari 1 ajenge kibanda chake kwa masharti ya maegesho ya ghorofa 5, hatajenga, au atajenga kwa kificho. Ukimwachia kabisa, atamwaga petroli mlangoni kwa watoto. Kundi la wadogo lilikuwa njia ya katikati: masharti machache, lakini mradi tu jengo libaki dogo na libaki na kazi yake ileile.

Mwaka 1994 mashirika 3 ya Marekani yaliyokuwa yakitoa vitabu tofauti yaliunda baraza moja, na mwaka 2000 kikatoka kitabu kimoja, ambacho hurekebishwa kila miaka 3. Makundi yake yanayogusa vyombo vya moto ni haya:

1. Kundi U. Gereji binafsi, vibanda vilivyo wazi vya kuegeshea gari, na pia majengo ya shamba: mazizi, mabanda ya mifugo, stoo za zana za kilimo.
2. Kundi S-2. Maegesho ya watu wengi. Ni stoo ya hatari ndogo.
3. Kundi S-1. Gereji za matengenezo. Ni stoo ya hatari ya kati, kwa sababu kuna matangi yanayofunguliwa, mafuta yanayomwagika, kuchomelea na cheche.
4. Kundi B. Chumba cha maonyesho ambako magari yanauzwa. Hiyo ni biashara.
5. Kundi H. Mahali penye petroli au vitu vingine vya hatari kupita kiwango kilichoruhusiwa. Hapa masharti ni makali kuliko yote.

Ona ajabu yake. Gari ni lilelile. Linaweza kukaa ndani ya U, S-2, S-1 au B, na jengo linabadilika jina kwa sababu ya kinachofanyika, siyo kwa sababu ya gari.

Komeo tatu za mlango

Gereji binafsi ina maana yake maalumu katika kitabu hicho. Naieleza kwa maneno yangu: ni jengo, au sehemu ya jengo, ambamo magari ya mwenye nyumba au ya wapangaji wa pale yanahifadhiwa, bila kuwepo mpango wa kuyatengeneza kwa ajili ya faida.

Humo mna komeo 3.

Komeo la kwanza: gari ni la nani? Ni la mwenye mji au mpangaji wake. Likiwa la mteja, komeo limefunguka.

Komeo la pili: kuna matengenezo ya kulipwa? Kubadilisha oili ya pikipiki yako mwenyewe hakuliondoi jengo kwenye kundi lake. Kupokea pikipiki za watu na kulipwa kunaliondoa.

Komeo la tatu: ni kubwa kiasi gani? Gereji binafsi ya kundi U haizidi futi za mraba 1,000, yaani mita za mraba 93 hivi. Ukitaka kadhaa ndani ya jengo moja, zitenganishwe kwa kuta zinazostahimili moto kwa saa 1. Kwa hiyo ukubwa, ambao kwa watu wa London wa 1667 ulikuwa swali la kwanza, hapa upo bado, ila siyo peke yake.

Kwa majengo ya shamba komeo zake ni tofauti kidogo. Stoo ya trekta, nyasi, nafaka au kuku inabaki jengo la shamba mradi watu hawaishi humo, watu hawafanyi humo kazi ya kusindika au kufungasha mazao, na si mahali pa kuingiwa na umma. Mkulima wa Marekani akianza kukaribisha wageni kwenye banda lake la nyasi, au akaweka mashine na wafanyakazi wa kufungasha, banda limehama kundi hata kama hakuongeza msumari.

Ukuta na mlango wa kuingilia nyumbani

Mwanzoni Wamarekani walijenga gereji mbali, nyuma ya kiwanja, wakiogopa moto. Miaka ilivyokwenda wakaisogeza, mwisho wakaigandisha kwenye nyumba ili mtu asinyeshewe mvua. Kanuni zikalazimika kuufuata mlango ule. Haya ndiyo masharti ya gereji iliyoungana na nyumba, na kila moja lina sababu:

- Ukuta unaotenganisha gereji na nyumba uwekwe bodi ya jipsamu ya unene wa milimita 13 hivi upande wa gereji. Kukiwa na chumba juu, dari iwe nene zaidi, milimita 16 ya aina inayostahimili moto. Kazi yake ni kuchelewesha moto ili watu waamke na kutoka.
- Mlango wa kuingia nyumbani uwe wa mbao nzito au chuma, unene wa milimita 35 hivi.
- Mlango wa gereji usifunguke moja kwa moja kwenye chumba cha kulala. Aliyelala hasikii harufu ya petroli. Na gesi ya moshi wa injini haina harufu kabisa, inaua usingizini.
- Sakafu iwe ya kitu kisichoungua, na iteremke kuelekea mlango mkubwa au penye bomba la kutolea maji, ili kilichomwagika kitoke nje.
- Kifaa chenye moto au cheche kiinuliwe sentimita 46 hivi kutoka sakafuni. Unakumbuka mvuke unaotambaa chini? Ndiyo sababu.

Njia ya Waingereza, na sisi

Uingereza walifika palepale kwa njia yao. Mwaka 1965 walitoa kanuni za ujenzi za kitaifa zilizogawa majengo kwa makusudi yake, na stoo zikawa na kundi lake. Siku hizi maegesho ya magari madogo yametengwa ndani ya kundi hilo. Nao walijali wadogo: jengo dogo lililojitenga, la chini, lisilozidi mita za mraba 30 na lisilo na malazi, linaweza kusamehewa kanuni likiwa angalau mita 1 kutoka mpaka wa kiwanja, au likiwa limejengwa kwa vitu visivyoungua. Ona sharti lililokaa katikati: lisiwe na malazi. Ukiweka kitanda, msamaha umekwisha.

Sisi Afrika Mashariki tuliingia kwenye habari hii kupitia ukoloni wa Kiingereza. Kenya ilitoa kanuni za ujenzi za mwaka 1968 kwa mfano wa Kiingereza, ili halmashauri zizichukue na kuzitumia. Zilidumu zaidi ya miaka 50, hadi Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024 ilipoanza kutumika Machi 2025. Hapa Tanzania, mjini, halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi, na ukitaka kubadili matumizi ya kiwanja unaomba kibali tena. Kuuza petroli nako kunahitaji leseni ya EWURA.

Kijijini kwetu ofisa wa majengo haji. Lakini petroli haijui kama uko mjini au kijijini.

Makundi nayo hayakai palepale

Usidhani wataalamu walimaliza kazi. Tarehe 31 Desemba 2017 gari moja lilishika moto kwenye maegesho ya ghorofa mjini Liverpool, Uingereza. Kwa miaka mingi waliamini moto wa gari moja hauenei sana kwenye maegesho yaliyo wazi. Siku ile zaidi ya magari 1,000 yaliteketea. Magari ya sasa yana plastiki nyingi kuliko ya zamani, matangi ya plastiki yanayeyuka, na petroli inatiririka ikiwaka. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakiyaangalia upya masharti ya maegesho.

Kwa hiyo kundi la jengo si jina la kuchonga kwenye jiwe. Ni jibu la swali: leo, humu ndani, kuna nini, kinafanyika nini, na nani yuko karibu? Kikibadilika kimoja, uliza tena.

Turudi kwa mzee wangu

Wiki mbili baadaye nilirudi kwake. Tulikaa kwenye kivuli nikamwuliza maswali, siyo kumhukumu.

"Hizi pikipiki ni zako zote?" Moja tu.

"Kijana analipwa?" Analipwa.

"Petroli ni ya kutumia au ya kuuza?" Ya kuuza.

"Nani analala nyuma ya mlango ule?" Akanyamaza.

Banda lake lilianza likiwa la kundi la wadogo. Kijana alipopokea pikipiki ya kwanza ya mteja, likawa gereji ya matengenezo. Madumu yalipoingia, likaanza kuelekea kwenye hatari kubwa. Wakati wote huo hakuna bati lililoongezwa, na mlango wa watoto ulikuwa palepale. Ndiyo maana hakuona lilipobadilika.

Nilimwambia ukweli kwamba kuuza petroli kwenye chupa bila leseni ni kosa na ni hatari, aache. Mengine tulipanga pamoja, kwa uwezo wake. Nakuachia na wewe:

1. Ziba mlango unaounganisha banda na chumba cha kulala. Tofali na udongo zinatosha. Ziba mpaka juu chini ya bati, maana moto na moshi hupita juu ya ukuta. Yeye alitumia tofali zilizobaki, kazi ya siku 2.
2. Tenga ufundi na malazi. Gereji ya kulipwa ikae mbali na nyumba, yenye kuta wazi ili hewa ipite. Kijana wake sasa anafanyia kazi chini ya paa la nyasi? Hapana, nilimkataza. Chini ya bati, nguzo 4, mwisho wa kiwanja.
3. Petroli ya matumizi yako iwe kidogo, kwenye chombo imara chenye kifuniko kinachobana, kivulini, nje ya nyumba, mbali na jiko. Usitumie chupa za maji: mtoto anaweza kuinywa. Dizeli ya pawatila haitoi mvuke wa hatari kama petroli, lakini nayo ikishika moto inaungua sana. Usiiweke jikoni.
4. Sakafu iteremke kuelekea nje, siyo kuelekea ukuta wa nyumba. Udongo ulioshindiliwa au saruji, siyo maganda ya mpunga wala pumba za mbao.
5. Usiwashe kibatari, mshumaa wala sigara ndani ya banda. Tumia tochi. Usijaze tangi usiku.
6. Usiache injini ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa, hata kama mvua inanyesha.
7. Weka ndoo 2 za mchanga mkavu mlangoni. Moto wa petroli usiumwagie maji, utauelea na kuueneza. Ukikuzidi, toa watu kwanza, kisha piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.
8. Kila ukianza kazi mpya ndani ya banda, uliza upya maswali yale manne: chombo cha nani, kuna kazi gani ya kulipwa, kuna mafuta kiasi gani, nani analala karibu.

Nilipoagana naye mwezi huu, mlango ule ulikuwa umezibwa na kupigwa lipu, na watoto wamechora ng'ombe kwa mkaa juu ya lipu. Mzee akaniambia, "Bwana shamba, nimekuelewa. Banda ni kile unachokiingiza humo."

Jioni ya leo, kabla hujalala, chukua tochi uende kwenye banda lako ujibu yale maswali manne. Ukikwama, niulize kama kawaida. Wiki ijayo tunarudi kwenye mada ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi.